Nusu ya Kabati

Mfamasia aliomba kutoka kazini mapema siku ile. Alimwachia mwenzake kaunta, akavua koti jeupe na kuvaa gauni la bluu hukohuko stoo, katikati ya maboksi ya dawa za kikohozi. Alipojitokeza, mwenzake alipiga mluzi.

"Leo huyo Flashi atasahau hata kuwasha kamera!"

"Kamera anaiacha nyumbani. Leo yeye ndiye mwenye shughuli."

Alitoka anacheka, na sababu za kucheka alikuwa nazo tele. Jioni ile wapiga picha wa mji walikuwa wanafungua maonyesho yao ya mwaka. Mchumba wake Flashi, ambaye miaka yote picha zake zilitundikwa kwenye korido ya kuelekea chooni, safari hii alikuwa amepewa ukuta wa mbele, ule unaompokea mtu mara anapokanyaga mlangoni. Halafu, kubwa kuliko yote, Jumamosi wazazi wa Flashi walikuwa waje nyumbani kwao kujitambulisha. Hata shangazi, dada yake baba, aliyeapa tangu mwanzo kwamba mpiga picha si mume bali ni mgeni wa kudumu katika harusi za wenzake, alikuwa amenyamaza. Hakuwa amekubali. Alikuwa amenyamaza tu, na kwa shangazi kunyamaza ni kazi nzito.

Flashi alikuwa na studio ndogo karibu na kituo cha mafuta. Riziki yake ilikuwa picha za pasipoti, harusi, na watoto wa chekechea wanaokataa kutabasamu. Siku za mapumziko alizunguka mjini na kamera akipiga anachokipenda mwenyewe, na hizo ndizo picha alizopeleka kwenye maonyesho. Lakini picha ya ukuta wa mbele alikuwa ameificha kwa wiki kadhaa. "Utaiona siku yenyewe," alikuwa akisema, na kila aliposema hivyo alitazama pembeni. Mfamasia alidhani ni haya ya mapenzi. Kwa kweli, ingawa asingemwambia mtu, alidhani picha ile ni yake yeye. Ndiyo maana ya lile gauni la bluu.

Maonyesho yalikuwa katika ghala la zamani la mbao lililopakwa rangi nyeupe na kuitwa ukumbi. Ndani, wapiga picha walikuwa juu ya ngazi wakigonga misumari na kuzozana kuhusu taa. Mmoja alimpungia mkono. Alipoinua mkono wake kuitikia, macho yake yaliangukia ukuta wa mbele, na mkono ukabaki hewani.

Alikuwa mama yake.

Mama yake mzazi, amekaa pembeni mwa kitanda, miguu peku, mikono imelala mapajani. Picha ilikuwa kubwa, inamzidi mtu kimo. Nyuma ya mama, kabati la nguo lilikuwa wazi milango yote miwili. Upande mmoja magauni yalikuwa yamebanana. Upande wa pili hapakuwa na kitu ila henga tupu. Na mama alikuwa anatazama moja kwa moja kwenye kamera, bila tabasamu, bila chozi, kama mtu aliyegongewa mlango na hajaamua kama atafungua.

Chini, kwenye kikaratasi, palikuwa na maneno mawili: *Nusu Kabati*.

Upande ule mtupu ulikuwa wa baba. Mwaka na nusu uliopita baba alifungasha nguo zake akahamia kwa mwanamke mwingine, ng'ambo ya soko. Siku ileile shangazi aliita kikao cha familia, akaamua kwa niaba ya wote kwamba kaka yake yuko safarini kikazi. Majirani waliambiwa hivyo. Wateja wa duka la dawa waliambiwa hivyo. Mama alijikaza kisabuni, akawa anapokea hata salamu za kumpelekea. Nje ya familia ile mtu aliyejua ukweli alikuwa mmoja tu.

"Umewahi," sauti ilisema nyuma yake.

Flashi alikuwa amesimama na pimamaji ya kunyooshea fremu mkononi, penseli sikioni, shati limemtoka upande mmoja. Siku nyingine angemchomekea huku anamtania.

"Hii ni nini?"

"Nilitaka kwanza…"

"Nimekuuliza, hii ni nini?"

"Ni mama."

"Mama yako? Hicho kitanda ni cha kwenu? Hilo kabati ni la kwenu?"

"Shusha sauti kidogo, mpenzi. Watu…"

"Aa! Sasa hivi ndiyo unawaonea haya watu! Baada ya muda mfupi mji mzima utasimama hapa na glasi za juisi, unahesabu henga za mama yangu, halafu mimi ndiye nishushe sauti!"

Nyundo zilinyamaza. Mmoja wa wapiga picha alijifanya anatafuta msumari sakafuni.

"Uliipiga lini?"

"Siku ile ya picha ya pasipoti."

Alikumbuka. Mama alihitaji picha ya pasipoti, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwita Flashi aje ampigie nyumbani. Aliwaacha sebuleni wanaongea, akaondoka kwenda kazini na moyo mweupe, akijisifu kimoyomoyo kwamba amepata mwanaume anayeelewana na mama mkwe.

"Nilikuachia mama yangu," alisema, na sauti yake ikaanza kupasuka. "Siri hii nilikuambia mimi, kwa mdomo wangu. Siku nilipokuambia nililia mpaka shati lako likalowa. Kumbe wewe ulikuwa unaitafutia fremu."

"Si hivyo."

"Ni vipi? Nieleze."

Flashi alitazama mlango, akatazama picha, akajifuta jasho kwa kiganja.

"Kuna jambo hulijui."

"Nijulishe."

"Siwezi. Si langu kulisema. Nipe mpaka kesho tu, nakuomba."

"Kesho!" Mfamasia alicheka kicheko kisicho na raha. "Baba naye alisema kesho. Kila tulipomuuliza mbona anachelewa kurudi, alisema nitawaeleza kesho. Ishushe hiyo picha."

Msimamizi wa ukumbi, mama mmoja mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alikuwa ameshafika.

"Hashushi mtu kitu hapa. Mgeni rasmi ameshatoka kwake." Alimgeukia Flashi. "Kijana, sikiliza. Ukuta huu wenzako wanaulilia. Picha zitakazozungushwa miji mingine zinachaguliwa leo, na hiyo yako nimeshaisemea. Ukiniachia ukuta mtupu, mwakani usinipigie hata simu."

Flashi alikuwa anamtazama mfamasia, ule mtazamo wake wa kutulia uliomfanya ampende tangu siku ya kwanza, mtazamo wa mtu anayeona kitu kizima. Mfamasia alitamani atazame pembeni, akashindwa.

"Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga," Flashi alisema taratibu. Hakuwa anajisifu.

"Naona." Na kilichomuuma zaidi ni kwamba aliona kweli. "Kwa hiyo chagua. Hiyo au mimi."

"Usinipe mtihani huo."

"Nimeshakupa."

Flashi aliweka pimamaji chini, akavuta ngazi, akapanda. Msimamizi alirusha mikono juu, akaondoka zake akinung'unika. Fremu ilikuwa nzito, na hakuna mpiga picha hata mmoja aliyethubutu kusogea na kuingilia ugomvi wa wapenzi. Ikabidi mfamasia mwenyewe ashike upande wa chini.

Waliibeba hivyo ukumbi mzima, yeye akirudi kinyumenyume, uso wa mama umemlalia tumboni. "Kulia," Flashi alikuwa akisema. "Kuna ngazi moja. Polepole." Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, ya upole, na mfamasia aliichukia kwa sababu moyo wake ulikuwa bado unaitikia.

Stoo ilikuwa nyembamba. Baada ya kuiegemeza picha ukutani walijikuta wamesimama karibu mno, kila mmoja anahema. Mfamasia alisikia harufu ya sabuni ya Flashi. Kama Flashi angenyoosha mkono wakati ule, angejitupa kifuani pake akalia, na huenda mambo yangeishia hapo. Flashi hakunyoosha mkono. Alikuwa anatazama picha kama mtu anayeaga.

"Waambie wazazi wako Jumamosi wasije," mfamasia alisema.

Flashi aligeuka. Aliitikia kwa kichwa, mara moja. Akatoka kwa mlango wa nyuma.

*

Milango ilipofunguliwa, mfamasia alikuwa bado hajaondoka. Alijiambia anasubiri kope zikauke. Watu waliingia kwa makundi, wakafika mbele ya ukuta mtupu wenye misumari miwili, wakapepesa macho, wakapinda kuelekea picha za ndege na za maghorofa. Alikuwa anajivuta kuelekea mlangoni alipomwona mama yake anaingia.

Mama alikuwa amevaa gauni la zambarau ambalo halikuwa limetoka kabatini tangu baba aondoke. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Nyuma yake shangazi alifuata na mkoba wake mkubwa, akitazama kila kitu kama mkaguzi.

"Mama! Mbona hukuniambia unakuja?"

Mama hakusikia. Alikwenda moja kwa moja hadi ukuta wa mbele. Alisimama akaitazama ile misumari, akainama akasoma kile kikaratasi, akainuka.

"Iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Picha yangu."

"Mama… unaijua?"

"Nitaachaje kuijua na mimi ndiye niliyekaa?"

"Picha gani hiyo?" shangazi aliuliza. "Wifi, picha gani?"

"Mama, si Flashi aliku… Alikupiga bila wewe…"

"Bila mimi nini?" Mama alimtazama vizuri sasa, akaona macho mekundu, akaelewa. Akashusha pumzi. "Jamani, Kinanda wangu. Umemfanya nini huyo kijana?"

Kinanda lilikuwa jina la nyumbani, alilopewa utotoni kwa sababu akianza kulia alikuwa hanyamazi. Mama alilitumia siku za furaha sana na siku za msiba.

"Nilimwambia anipige," mama alisema. "Ulipotoka kwenda kazini nilimwambia, mwanangu, hiyo ya pasipoti umeshamaliza, sasa njoo unipige picha ya kweli. Nikampeleka chumbani, nikafungua kabati mimi mwenyewe. Alikataa. Akasema mama, bila mwanao kujua mimi siwezi. Nikamwambia mwanangu nitamwambia mimi, na wewe usithubutu kunitangulia. Akaniapia."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ungelia. Ukilia mimi huwa naghairi." Mama alitabasamu kidogo. "Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Unatoka kazini umechoka, unaniuliza kama nimekula, na mimi nashindwa. Nikasema basi, atakuta ukutani."

Shangazi alikuwa ameanza kuunganisha mambo. Alishika mkoba kwa mikono yote miwili.

"Wifi, hebu nieleweshe. Umefungua kabati lako watu waone? Unataka kumvua nguo kaka yangu hadharani?"

"Nguo zake alizichukua mwenyewe, wifi. Ndiyo maana kabati liko wazi."

"Tulikubaliana yuko safarini!"

"Mlikubaliana. Mimi nilikuwa jikoni natengeneza chai ya kikao." Mama hakupandisha sauti, lakini watu wawili waliokuwa karibu waliacha kutazama ndege. "Nimechoka, wifi. Nimechoka kumsafirisha mtu anayenunua mkate duka moja na mimi. Juzi tumepishana mlangoni. Yeye ameinamisha kichwa, mimi nimeinamisha kichwa, kama wote wawili tumeiba."

"Na akisikia?"

"Asikie. Masikio anayo."

"Mama," mfamasia alisema kwa sauti ndogo, "si ungewaambia watu tu? Kwa nini picha?"

"Nimejaribu kusema. Kila nikifungua mdomo inatoka safari ya kikazi." Alimshika mwanawe shavu. "Sasa niambie iko wapi kabla sijakaa kwenye sakafu ya watu."

Waliitoa stoo wenyewe, mama upande mmoja, binti upande mwingine. Shangazi aliwafuata akilalamika mpaka mlangoni mwa stoo. Halafu fremu ilipokwama kwenye kizingiti alisema, "Mtaivunja, na hasara mtanibebesha mimi," akaweka mkoba chini na kusukuma kwa bega. Msimamizi wa ukumbi hakuuliza swali. Alivaa miwani yake, akaleta ngazi na nyundo.

Mama aliposimama mbele ya ile picha, watu walianza kusogea mmoja mmoja, kimya kimya. Mfamasia hakusubiri kusikia watasema nini.

*

Alimkuta Flashi amekaa kwenye ngazi za nyuma ya ghala, kati ya mbao kuukuu na pikipiki ya mtu, simu mkononi.

"Imerudi ukutani," mfamasia alisema.

"Nimesikia nyundo."

"Mama ameniambia yote."

"Vizuri."

Alikaa ngazi moja chini yake, bila kujali gauni. "Neno moja tu, Flashi. Ungesema tu kwamba mama anajua."

"Nilimwapia. Nimvunjie kiapo mama yako, halafu Jumamosi wazazi wangu wakakae sebuleni kwake?"

"Ukaona bora tuachane?"

"Niliona bora uniamini." Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililochoma. "Si ukuta unaoniuma. Ukuta ni ukuta. Ulipoiona ile picha hukujiuliza hata kidogo. Papo hapo ulijua kwamba mimi ni mwizi."

Ndani, watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini.

"Baba alikula na sisi siku ile," mfamasia alisema. "Alicheka mezani, akasifia mchuzi, akanyanyuka akachukua sanduku. Tangu hapo mtu ninayempenda akinificha kitu, hata kidogo, mimi nasikia sanduku linaburutwa."

"Mimi si baba yako."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingenipa ujumbe wa kuwapelekea wazazi wangu."

"Nimekosa," alisema. "Nimekosa, na nilikosa mbele za watu. Sina pa kujifichia."

Flashi alichezea simu. "Nimeshawapigia."

"Wamesemaje?"

"Mama amekata simu. Baba anasema suti ilishatoka kwa dobi."

"Wapigie tena."

"Nimwambie nini mzee? Njoo, usije, njoo, kama naelekeza lori linalorudi nyuma?"

"Basi nipe mimi."

Flashi alimtazama kama anayepima iwapo anasema kweli. Kisha akampa. Simu iliita mara nyingi kabla ya kupokewa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, baba. Binti wa Jumamosi."

"Nimeambiwa Jumamosi imekufa."

"Niliiua mimi. Mwanao hana kosa lolote. Nilimshutumu kwa jambo ambalo hakulifanya, na yeye alinyamaza kwa kumstahi mama yangu. Naomba mje kama ilivyopangwa. Na kama mmevunjika moyo hamtakuja, basi tutakuja sisi huko, mimi na mama, tuwaombe radhi mlangoni kwenu."

Mzee alisikika akizima redio.

"Mwenyewe yuko karibu?"

"Yupo hapa."

"Mpe."

Flashi alisikiliza. "Ndiyo, baba… Ndiyo… Hapana, sijala… Sijui bado, baba… Nimekuelewa." Akaweka simu mfukoni.

"Anasemaje?"

"Anasema nikate shauri kabla ya saa tatu, maana saa tatu analala."

Mfamasia alitaka kucheka, hakuthubutu. "Na wewe unasemaje?"

"Bado nina hasira."

"Kuwa nayo. Lakini ingia ndani nayo. Kazi yako inatazamwa na wewe umekaa na pikipiki."

Flashi aliinuka. Hakumshika mkono, lakini alimshikilia mlango.

Ukutani mbele watu walikuwa wamejaa. Mama alikuwa amesimama pembeni, anaongea na msimamizi wa ukumbi, kichwa juu. Shangazi alikuwa amekamata glasi ya juisi na kuweka uso wa mtu asiyehusika. Mfamasia alikuwa anawapita alipodakwa mkono na mama mmoja wa mtaani kwao, mteja wake wa dawa za presha.

"Jamani, daktari wangu! Huyu si mama yako huyu? Kapendeza! Sasa mbona kabati liko hivi?" Alicheka, akainamisha kichwa kuisogelea picha. "Au ndiyo mzee bado hajarudi safari?"

Shangazi alikohoa. Mfamasia aliisikia safari ikimpanda kooni, imeshajipanga, iko tayari kutoka yenyewe kama ilivyotoka mwaka na nusu mzima. Flashi alikuwa hatua moja nyuma yake. Hakugeuka kumtazama.

"Hakusafiri," alisema. "Baba alihama. Anaishi ng'ambo ya soko na mwanamke mwingine."

Mteja alimwachia mkono, akaushika tena, kwa namna nyingine. "Pole, mwanangu."

"Asante."

Kutoka kule pembeni mama yake alimtazama. Alirekebisha kola ya gauni lake la zambarau, akarudi kwenye mazungumzo yake.

Flashi alisogea, akasimama naye bega kwa bega mbele ya picha. Alipoongea aliongea akiitazama picha.

"Jumamosi," alisema, "baba atafika kabla ya wakati, ndivyo alivyo. Mwambie mama asishangae."

"Aje hata alfajiri," mfamasia alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.